Kutua Usambara

Miaka mitatu iliyopita niliandika katika kurasa hizi makala ambayo leo nimekuja kuitengua. Waliohifadhi matoleo ya nyuma wataikumbuka. Wasiokuwa nayo hawakukosa kitu kikubwa. Nilidai humo kwamba Kiswahili ni lugha iliyozaliwa maji yakiwa magotini, kwamba picha zake zilizo bora zimetokana na chombo, upepo na mkondo, na kwamba mshairi anayetaka kuupandisha ulimi wetu mlimani ni kama mtu anayepanda mkarafuu juu ya mwamba. Nilileta na ushahidi. Nilipanga maneno ya bahari safu kwa safu: joshini na demani, bamvua na maji mafu, kutweka tanga na kutua tanga. Kisha nikauliza, kwa majivuno ambayo nikiyasoma sasa naona haya: mlima una nini cha kushindana na hayo?

Makala ile ilitokana na kushindwa, ingawa wakati ule sikulisema hilo. Kwa muda wa miaka miwili nilikuwa nikifasiri shairi refu la mshairi mmoja wa nchi ya milima na theluji. Nilikwenda vizuri hadi ubeti wa 17. Hapo msafiri aliyekuwa akipanda tangu alfajiri anafika mahali ambapo njia imekoma kupanda na bado haijaanza kushuka. Vilele viko juu yake kulia na kushoto, naye amesimama katikati, jasho likimkauka mgongoni. Mshairi anapaita mahali hapo kwa neno moja fupi, la kila siku, ambalo kwao hata mtoto wa skuli analijua. Mimi niliandika "kileleni", nikafuta, kwa kuwa si kileleni. Niliandika "mlangoni". Niliandika "kwenye kipito". Kila moja lilikaa kama kiatu cha kuazima. Mwishowe nikalifunga daftari. Na badala ya kukiri kwamba mimi sijui, nikasema kwamba lugha haina. Ni ada ya sisi wafasiri, na aghalabu hupita bila ya kugundulika.

Safari hii haikupita. Miezi miwili baada ya makala kutoka, mhariri alinikabidhi barua iliyotumwa kwa anwani ya jarida. Mwandishi wake alikuwa mwalimu mstaafu wa Lushoto, katika mkoa wa Tanga, naye aliandika kwa wino, kwa mwandiko ule wa walimu wa zamani ambao kila herufi imesimama wima kama mwanafunzi mstarini. Alisema amenisoma kwa heshima zote. Alisema amefundisha Kiswahili juu ya mlima kwa miaka 34 na hakuwahi kupungukiwa na neno la kumtuma mtoto wala la kumliwaza mfiwa. Kisha akaandika sentensi iliyonikosesha usingizi: huenda kilichopungua, ndugu mshairi, si maneno bali ni miguu. Akamalizia kwa kunikaribisha kwake.

Barua hiyo niliitia katika mtoto wa meza, ikakaa humo zaidi ya mwaka. Mtu aliyejifundisha mwenyewe ana maradhi yake. Mimi niliacha skuli kidato cha pili. Kiingereza nilikipata kwa kamusi isiyokuwa na jalada, nikisoma usiku kwa kandili, na mizani ya mashairi nilijifunza kwa kuwasikiliza watu wazima na kuhesabu kwa vidole. Aliyesomeshwa darasani akikosea, huwa amekosea somo. Sisi tukikosea, huona kama tumefumaniwa.

Julai ya mwaka jana, likizo yangu ya ukarani ilipowadia, mke wangu aliitoa ile bahasha akaiweka mbele yangu pamoja na kikombe cha chai. Hakusema kitu. Wiki ileile nikakata tikiti ya boti.

Mlima nilikuwa nimeuona kwa mbali tu. Nimezaliwa Wete, na asubuhi za hewa safi, ukisimama gatini ukatazama magharibi, ng'ambo ya mkondo wa Pemba huonekana mstari wa buluu juu ya maji, mwembamba kama wino uliovuja kwenye karatasi. Wazee wakituambia kuwa ile ni milima ya Usambara. Kwetu sisi watoto ilikuwa ni sehemu ya mbingu. Baadaye nikahamia Unguja, ambako mahali pa juu kabisa ni Masingini, mita mia moja na ushei tu kutoka usawa wa bahari, na hapo penyewe mtu hupanda kwa gari huku anasinzia.

Basi lilitoka Dar es Salaam alfajiri. Chalinze, Segera na Korogwe nayapita haraka kwa sababu niliyapita nikiwa usingizini. Niliamka kwenye mashamba ya mkonge, na upande wa kulia wa barabara palikuwa pamesimama ukuta wa mawe na miti ambao kichwa chake sikukiona bila ya kuinama dirishani. Mombo basi likaiacha barabara kuu na kuanza kupanda. Toka hapo hadi Lushoto ni kilomita 30 na kitu, na barabara imechongwa ubavuni mwa mlima, mto ukinguruma chini yake, hadi inapofika Soni penye maporomoko ya maji. Saa nzima nilikishika kiti cha mbele yangu kama baharia mgeni anavyoshika mlingoti. Bibi mmoja aliyekaa pembeni yangu, na kuku mapajani, aliniuliza kama naumwa. Nikamwambia mimi ni mtu wa Pemba. "Pole sana," akasema.

Lushoto iko kwenye mita 1,400 hivi. Wajerumani, waliopapenda kwa ubaridi wake, walipaita Wilhelmstal na wakajenga kama watu waliokusudia kukaa milele. Mwalimu alinipokea barazani. Nilitaraji mtu mkali. Nilimkuta mzee mfupi mwenye kofia ya sufu na magoti mabovu, ambaye kabla ya kuniuliza habari za safari aliniuliza kama nina soksi. Sikuwa nazo. Akanipa zake.

Juu ya meza alikuwa ameniwekea kitabu, Habari za Wakilindi, toleo la mwaka 1962 lililohaririwa na J. W. T. Allen. Kitabu hicho ninacho na mimi. Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, mtu wa pwani aliyekaa na watawala wa Usambara, alikiandika kwa Kiswahili, na sehemu zake za mwanzo zikapigwa chapa na wamisionari wa Magila. Humo mna kisa cha Mbegha, mwindaji wa nguruwe aliyetoka Ngulu, kigego aliyeota meno ya juu kwanza na kunyimwa urithi wake. Mna namna alivyoingia milimani na mbwa wake na nyama yake, na namna ukoo wake ulivyotawala kutoka Vuga. Nilikuwa nimekisoma mara tatu, kalamu mkononi, nikipigia mistari misemo ya kale. Pembeni mwa ukurasa mmoja niliwahi kuandika, kwa utani, kwamba Wakilindi walistahili kuwa watu wa kilindi cha bahari. Jina lao, bila shaka, limetokana na Kilindi alikopitia Mbegha. Lakini hata mara moja sikuzingatia kwamba watu wote wa kitabu kile wanapanda na kushuka, kutwa kucha, na kwamba wanafanya hivyo kwa Kiswahili fasaha kilichoandikwa na mtu wa pwani kama mimi. Tofauti ni kwamba yeye alikwenda.

Siku ya kwanza tulikwenda Irente. Mwalimu alipanda bodaboda, mimi nikafuata kwa miguu pamoja na mjukuu wake, kijana anayeongoza wageni na ambaye ndiye angenifikisha hadi Mtae, upande wa kaskazini, kwa mwendo wa siku nne. Pale Irente ardhi inakwisha. Sina namna nyingine ya kueleza. Unatembea kwenye majani, kisha huna tena pa kukanyaga, na nyika iko chini yako takriban mita elfu moja, imetandazwa hadi macho yanaposhindwa. Tumbo langu lilifanya kama linavyofanya chombo kikishuka wimbi. Mwalimu alikaa juu ya jiwe, miguu ikining'inia upande wa hatari, akaninyooshea bakora yake: pale ni Mazinde, ambako Semboja, mwana wa Kimweri ye Nyumbai, alichagua kukaa kuliko kukaa Vuga, kwani misafara ya pembe ilipita bondeni, na aliyetaka bunduki na nguo ilimpasa awe karibu na njia. Misafara ile iliteremka hadi Pangani, na mali ikavuka maji kuja kwetu Unguja.

"Na mizigo hiyo," akaniuliza, "ikichukuliwa na nani?"

Nikasema, na wapagazi.

"Wakisema lugha gani njiani?"

Nilidhani ni swali la historia, nikajibu kama wanavyojibu wanafunzi, kwamba Kiswahili kilitumika misafarani. Mwalimu hakunisahihisha wala hakunisifu. Alitazama chini.

Kesho yake tukaingia msitu wa Magamba. Msitu huu sitauelezea sana, kwa sababu muda mwingi niliutazama kupitia ukungu na kupitia pumzi yangu mwenyewe. Kijana alinionyesha mkulo, mti ambao kwa jina lake la kitaalamu wataalamu wameupa Usambara yenyewe, na shina la ule niliouegemea lilikuwa pana kuliko mlango wa nyumba yangu. Mbega walitupita juu, weusi na weupe, kama mashekhe wanaokimbilia sala. Nikamuuliza kijana maji haya yote yanatoka wapi, maana majani yalidondoka ilhali mvua hainyeshi. Akasema yanatoka baharini: upepo unaotoka upande wa Bahari ya Hindi hupanda ubavu wa mlima, hupoa, hugeuka wingu, ubavu wa pili, unaotazama nyika, hubaki mkavu. Nilisimama nikacheka. Nilikuwa nimeburura miguu yangu hadi juu ya mlima, kumbe bahari imenitangulia. Joshini na demani, nikamwambia. Ikabidi nimfahamishe maana yake, naye akayarudia maneno hayo mara mbili ili ayashike, kwa ajili ya wageni wake.

Siku ya tatu tulitoka Lukozi kuelekea Rangwi. Lukozi ni mahali pa mboga: kabeji, karoti na viazi, hivi ambavyo sisi tunaviita mbatata, hupakiwa malorini kuteremshwa mijini, na sioni ajabu kama nyengine zinafika hadi Darajani, tukazinunua bila ya kujiuliza zimeteremka kutoka wapi. Mashamba yamepandishwa ubavuni mwa milima kwa matuta, moja juu ya jengine kama ngazi. Kati ya shamba na barabara ya lori hakuna gari. Kuna shingo.

Njia ya miguu ilikuwa nyembamba na udongo wake mwekundu uliteleza. Chini ya mgrivea alikaa mwanamke wa makamo na mtoto wa kike wa miaka kumi hivi, na pembeni yao gunia lililojaa kabeji.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama."

"Baba, naomba unitwike."

Nilisimama kama niliyepigwa na butwaa. Neno nililisikia, lakini sikio langu lililipeleka kwengine kabisa: niliona tanga likipanda mlingotini. Kijana alinisogelea, akidhani labda sisikii vizuri. "Anataka tumsaidie mzigo kichwani, mzee." Tukashika, yeye pembe moja na mimi pembe ya pili. Mwanamke akapiga goti, akaweka kata yake ya kitambaa kichwani, akasema: "Haya, twekeni." Tukatweka. Akainuka taratibu, goti moja, kisha la pili, shingo imenyooka na mishipa imemtoka. Nilijizuia kuifananisha shingo ile na mlingoti. Nilikwishachoka na milingoti yangu.

Tulimfuata nyuma kwa muda wa saa nzima. Mtoto alibeba karoti kwenye beseni na akaimba. Mimi, nisiyebeba kitu isipokuwa mkoba wenye daftari, nilihema hadi nikaona aibu. Njia ilipanda, ikapinda, ikapanda tena. Halafu, bila ya kutangaza, ikaacha kupanda. Tulikuwa kwenye uwazi mdogo kati ya vilima viwili, upepo ukipita kwa nguvu, na mbele yetu njia ilianza kuzama kwenye bonde la pili. Palikuwa na mawe matano au sita makubwa, yaliyolainika juu kwa kukaliwa, na wanawake wengine watatu waliokuwa wameshafika, mizigo yao imepumzika kwenye mawe hayo kwa usawa wa kifua ili iwe rahisi kuichukua tena.

"Nitue, baba," akasema yule mwanamke.

Tukamtua. Nikamuuliza kijana, hapa panaitwaje?

"Hapa? Hapa ni kituo."

"Kituo cha gari?"

Wanawake walicheka hadi mmoja akajifuta machozi. "Gari lipite wapi, baba? Ni kituo tu. Mtu akifika hapa anatua."

Nilikaa juu ya jiwe. Ubeti wa 17, uliokuwa umenishinda kwa miaka minne, ulikuwa umekaa jirani yangu ukila kipande cha muhogo. Njia imekoma kupanda na haijaanza kushuka, vilele kulia na kushoto, jasho likikauka mgongoni. Kituo. Neno la kila siku, fupi, ambalo mtoto wa skuli analijua.

Na hapo ndipo nilipopatwa na jambo jengine, zito kuliko ubeti wangu. Maana neno hilo nilikuwa nalo tangu zamani. Miaka thelathini nimewafundisha vijana kwamba kituo ni mshororo wa mwisho wa ubeti, ule ambao shairi hurudia kwake kila baada ya kupanda. Nililitumia kama istilahi, kavu, kama mtu anavyotaja kifungu cha sheria. Wakati nikiwaza hivyo alifika kijana mwengine kutoka bondeni na gunia la mbatata begani, akalibwaga chini kwa kishindo, akatoa pumzi ndefu, na wanawake wote wakamwitikia "pole" kwa sauti moja. Kibwagizo! Nalo pia nililiandika ubaoni mara ngapi? Hao waliokuja kuyapa majina maungo ya shairi la Kiswahili hawakuyatafuta vitabuni. Waliona kwamba sauti hupanda na mzigo wake, hufika mahali, huutua au huubwaga, wenzake wakaitikia, kisha huutweka tena. Nilikuwa nikihesabu mizani kwa vidole miaka yote ile, na sikuwahi kujiuliza kwa nini shairi linahitaji mizani kama halikubeba kitu.

Sitaki nieleweke vibaya. Hakuna ushairi katika uzito wa gunia lile. Yule mama aliniambia kwamba shingo humuuma usiku na kwamba bei ya kabeji wiki ile haikulipa hata chumvi. Katika redio tumekwisha kuisikia sana ile kaulimbiu ya serikali ya kumtua mama ndoo kichwani, nami huwa naitikia kwa kichwa kama kila mtu; lakini hata hapo, neno tua likipita mbele yangu waziwazi, sikulisikia.

Na kwa nini sikulisikia? Hili ndilo lililonifanya nikae juu ya jiwe lile hadi kijana akaanza kutazama jua. Baba yangu alikuwa hamali katika gati ya Wete. Msimu wa karafuu ukiwadia alitoka nyumbani kabla ya sala ya asubuhi na akarudi baada ya magharibi, bega lake la kulia limekuwa gumu kama ngozi ya ngoma. Nilimpelekea chakula nikiwa mdogo. Nimesimama mlangoni mwa ghala nikiwasikia, mmoja akiita "nitwike", mwengine akiita "tua, tua polepole", mchana kutwa. Maneno hayo niliyasikia kwa wachukuzi kabla sijapata kuyasikia kwa manahodha. Nilipoanza kuandika, nikayahamishia kwenye tanga. Katika wasifu mfupi ambao wahariri huuchapa chini ya kazi zangu, imeandikwa miaka yote kwamba mimi ni mwana wa ukoo wa wavuvi. Si uongo: babu yangu alivua. Lakini aliyenisomesha hadi kidato cha pili, na aliyeninunulia kamusi ile isiyokuwa na jalada kutoka kwa mtu aliyekuwa akifungia karanga, hakuwa mvuvi. Alifariki mwaka 1994. Sijamwandikia hata ubeti mmoja.

Tulilala Rangwi, katika nyumba ya wageni ya masista, waliotupa supu ya moto na blanketi tatu kila mtu. Sikulala. Niliandika hadi mshumaa ukaisha, na nilichokiandika hakikuwa tafsiri.

Mtae tulifika siku ya nne, alasiri. Kijiji kimekaa juu ya mgongo mwembamba wa mlima, ardhi ikiporomoka huku na huku, na mbele ni nyika ya Mkomazi na milima ya Upare. Wanasema asubuhi ikitakata Kilimanjaro huonekana. Mimi sikuuona, nilikaa siku mbili na mawingu hayakuondoka. Lakini nilisikia adhana ya magharibi ikitoka msikitini na kuvuka bonde, na kijana akaninyooshea mkono kwenye taa zilizoanza kuwaka ubavu wa pili, akasema shangazi yake anakaa ng'ambo ile. Ng'ambo! Mjini kwetu ni mtaa mzima kuvuka ilipokuwa hori; kwa baharia ni ufuko wa pili. Na huku juu, pasipo hata tone la maji kati ya ubavu na ubavu, ni neno la kila mtu. Nililiandika na hilo, bila ya mshangao tena.

Niliporejea Lushoto, Mwalimu aliisikiliza hadithi ya kituo akiwa anamenya pea, bila ya kushangaa, kama anayemsikia mwanafunzi amelimaliza somo la kwanza. Nilimwambia nitaiandikia tena makala yangu na kuitengua hadharani. Akasema hilo ni jambo la kiungwana, akanipa kipande cha pea.

"Umechukua neno huku kwetu," akasema. "Basi na wewe tutwalie moja uteremke nalo."

Akanipa kuzifya shi. Ni usemi wa Kishambaa, na ndio uliokuwa kiini cha utawala wa wafalme wao: mfalme akiwa imara, mvua hunyesha kwa wakati wake, migomba hushiba, watu hukaa kwa amani. Hiyo ndiyo kuzifya shi. Kinyume chake ni kubana shi, pale wakubwa wanaposhindana nguvu kwa nguvu na ukame na njaa vikaingia. Nilifurahi upesi, kwa vile nilitambua kuwa shi na nchi ni ndugu wa damu. Nikasema, kuiponya nchi.

"Nchi si mgonjwa," akasema Mwalimu.

Nikasema, kuitengeneza nchi.

"Si baiskeli."

Nikasema, kuistawisha nchi. Alitikisa kichwa kwa huzuni. "Hilo ni la hotuba. Na kubana je? Wewe ukisikia kubana, unafikiri mlango na kidole. Kwetu ni zaidi ya hapo." Tukakaa barazani hadi usiku, mimi nikitoa maneno na yeye akiyarudisha, mmoja baada ya mmoja, kama mwenye duka anayekagua noti. Katika mlima ambao nilidai hauwezi kuingia katika Kiswahili, nilikuwa nimekaa na mtu aliyekijua Kiswahili vya kutosha kuona ni wapi hakijafika, na hakuwa na haraka ya kukisingizia.

Ubeti wa 17 umekwisha, na umefuatwa na mengine. Shairi lile litatoka, inshallah, mwakani. Chini ya makala hii nimemwomba mhariri aubadilishe wasifu wangu. Ama kuhusu kuzifya shi, nimeshampelekea Mwalimu majaribio manne kwa barua. Matatu yamerudi yamekatwa kwa mstari mmoja ulionyooka. La nne limerudi wiki iliyopita. Hakulikata, amelizungushia duara kwa wino uleule, na chini yake ameniuliza kama nimeshanunua soksi.